Unga Wangu wa Vitu Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki. Nimemsindikiza dada na mwanawe wa miezi minane, tunayemwita Jaji kwa jinsi anavyokukazia macho kana kwamba anajua ulichofanya jana. Mstari wa uzito kwenye kadi yake umelala tangu mwezi uliopita. Nesi hakupandisha sauti. "Tumbo la mtoto ni dogo," kasema. "Ukilijaza uji wa majimaji, chakula kitakaa wapi?" Tumrudishe baada ya wiki tatu. Mstari usipopanda, Jaji atalazwa hospitali kubwa.

Dada kalia njia nzima. Nami, niliyepanda mizani ya watu wazima kwa utani tu (kilo sitini), nikatazama vile vidole vya Jaji vilivyoshika kidole changu. Vidogo mno, na kila kimoja kina kucha yake! Nikaapa. Mjomba yupo. Nitabuni unga ambao dunia haijauona.

Jumanne, 4 Machi
Vitu vimefika kumi na saba. Mahindi, soya, karanga, kunde, ufuta, mbegu za maboga, dagaa... vingine siandiki, kuta zina masikio. Kisha nikapata wazo kubwa. Chakula kizito, mtoto mzito. Na nafaka iliyolowa ni nzito kuliko kavu! Nimeloweka ulezi beseni zima. Bibi, yaani mama mkwe wa dada, anayetawala jiko letu, kauliza ni harusi ya nani. Wivu huo.

Jumatano, 5 Machi
Ulezi umevimba vizuri. Nimemwaga maji, nikaufunika kwa gunia bichi usije ukapungua uzito, nikausukuma chini ya kitanda changu.

Jumamosi, 8 Machi
Ulezi! Niliusahau kabisa. Nimefunua gunia, nikarudi nyuma hatua mbili. Kila punje imetoa mkia mweupe. Maelfu kwa maelfu, gizani, bila mtu kuziambia chochote! Nilipiga magoti pale hadi miguu ikafa ganzi. Sijawahi kuona kitu kilicho hai namna ile.

Kisha akili ikanirudia. Umeharibika. Nikaubeba kuwamwagia kuku, Bibi akanipokonya beseni mlangoni na kuuanika juani. Hapendi kitu kitupwe. Uzee una mambo yake.

Jumanne, 11 Machi
Unga umesagwa, kwa ulezi mwingine, mkavu. Fundi wa mashine kaunusa, kauliza nafuga kuku wangapi. Nimepika uji mweusi, mzito, mwiko umesimama wenyewe! Jaji kaonja. Kanitazama. Kaurudisha wote kwenye shati langu. Hukumu imetoka.

Sikati tamaa. Nitaujaribu kwanza mwenyewe, kutwa mara tatu, kama wafanyavyo wataalamu. Ukitiwa sukari si mbaya.

Alhamisi, 13 Machi
Bibi kapika uji wa mahindi na karanga, mzito wa kukwama kwenye mwiko. Nikacheka moyoni. Kumbe ule ulezi wenye mikia aliukausha, akaupukuta mikia, akausaga! Kachota kijiko kimoja tu cha unga wake, kakoroga, karudisha sufuria motoni. Uji ukalegea. Ukawa laini, ukateleza, na hakuongeza tone la maji! Nywele zilinisimama.

Bibi kaeleza kwamba ulezi ulioota hulainisha uji mzito, ndipo mtoto ameze chakula na si maji. "Sisi sote tulilelewa hivi," kasema, akipuliza kijiko. "Hujauliza tu."

Jaji kafungua kinywa. Kafungua tena. Kamaliza bakuli! Dada kageukia ukutani akijifuta macho. Nami machozi yalinilengalenga, sioni haya kuandika. Nimeongeza pembeni mwa orodha yangu: ulezi ule ulitoka chini ya kitanda CHANGU.

Alhamisi, 20 Machi
Jaji anakula uji wa Bibi mara nne kwa siku, na kiini cha yai juu. Mimi naendelea na majaribio. Dobi amezifanya nini suruali zangu? Zinabana.

Jumatatu, 24 Machi
Kliniki. Jaji kaning'inizwa kwenye mizani, miguu ikicheza hewani. Mshale ukapanda, ukayumba, ukatulia. Dada alikuwa amenishika mkono hadi unauma. Gramu mia nne zaidi! Nesi kaweka nukta, kachora, na ule mstari uliolala ukainuka. Kimstari kifupi kuliko ukucha! Hakuna hospitali. Tunarudi nyumbani.

Kabla ya kutoka nikamweleza nesi habari za unga wangu. Kauliza mtoto aliula kiasi gani. Nikasema mara moja, kwenye shati. Kauliza basi nani amekuwa akiula, kisha akanionyesha mizani ya watu wazima. Kilo sitini na nne.

Jumanne, 25 Machi
Nimetafakari asubuhi nzima kwa unyenyekevu mkubwa. Ushahidi hauna ubishi. Tangu unga wangu uingie nyumba hii, watu wawili wamenenepa, na mmoja hakuhitaji hata kuumeza! Ni nguvu gani hii iliyopitia mikononi mwangu?

Nimeongeza vitu vinane. Sasa ni ishirini na vitano. Ulezi nimeshauloweka, ila safari hii niko macho. Nitautoa mapema, kabla haujaharibika ukaota mikia.