Nembo ya Ukoo wa Fujimoto

Kipanya kilikuwa kimezimika karibu na stendi ya Kilosa, na mwenye nacho alikuwa chini ya injini akikitukana taratibu. Ditram hakuitazama injini. Alitazama ubavu. Ubavuni kulikuwa na maandishi ya Kijapani ambayo Kilosa nzima hakuna aliyeyajua, na kwa sababu hiyo yaliheshimiwa na wote. Akamwuliza yule bwana kwa nini hakuyapaka rangi juu. Bwana akachomoa kichwa, akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hajamuuza mama yake. Hayo ndiyo yanayoonyesha gari limetoka Japani moja kwa moja, akasema. Ukiyafuta unabaki na bati tu.

Bati tu. Ditram alilitafuna neno hilo mchana kutwa. Alikuwa fundi wa mabango, mwenye brashi nzuri, mdomo mzuri zaidi, na pikipiki nyekundu aliyoipenda kuliko ndugu zake. Akaona Wilaya ya Kilosa imejaa bati tu, na inamsubiri yeye.

Wiki hiyo saluni ya stendi ikawa Osaka. Bucha likawa Kyoto. Mashine ya kusaga ikapewa mnara wa Tokyo, alioutoa kwenye mnara wa simu uliokuwa mbele ya macho yake. Lile geti jekundu la Kijapani alilichora ukutani kwa wauza jezi, vijana wakauliza wavu uko wapi, akawajibu kwamba kule golikipa ana nidhamu. Kwa Mlima Fuji alichora kilima cha Mamboya na kukimwagia chokaa kileleni. Mwalimu wa kwaya mmoja wa Mamboya alisimama mbele ya mchoro huo, akasema anaona shamba la shangazi yake. Ditram akamwambia milima yote duniani ni ndugu.

Lakini kazi aliyojivunia ilikuwa nembo. Aliibuni mwenyewe akisubiri chipsi ziive: mstari mlalo kama paa, na chini yake mistari mitatu iliyosimama. Akaipa jina, nembo ya ukoo wa Fujimoto. Kila aliyeinunua alihubiriwa maneno yale yale: kule Japani kila ukoo una nembo yake, na kitu chenye nembo ya ukoo ni cha ukoo, hakuna wa kukigusa. Hata pikipiki yake aliichora nembo hiyo kwenye tangi, akiwa kivulini mwa kibanda cha maziwa cha Naeku, mama wa Kimasai wa Tindiga. Alipofika mstari wa mwisho akapiga chafya. Brashi ikateleza, mstari ukaota mkia uliopinda kushoto. Naeku akamwambia pole, akaendelea kupima maziwa.

Sasa tuseme ukweli wa rangi. Tangi lilipata rangi ya mafuta, halisi. Mabango ya watu yalipata rangi aliyoiita ya Japani: chokaa, unga wa rangi, na uji wa muhogo ili ing'ae. Likipigwa na jua, bango lilimeremeta kama harusi. Likipigwa na mvua, basi. Ndiyo maana ile pikipiki haikuwa usafiri tu, ilikuwa mlango wa nyuma wa biashara yote. Ditram alijua kusoma mawingu kuliko alivyojua kusoma barua, na hakuwahi kulowa katika mji aliopaka rangi.

Naeku naye alitaka bango. Alilipa beberu, akapata "Maziwa ya Hokkaido" na maua ya pinki. Mvua ya kwanza ikanyesha Ditram akiwa keshahamia Mikumi. Asubuhi Naeku alikuta mbwa wake anairamba Hokkaido chini ya kibanda, kwa raha, maana uji ulikuwa mzuri. Naeku hakupiga kelele. Aliingia dukani akanunua piko, ile nyeusi ya kupaka nywele, akarudi Tindiga kutafuta ng'ombe mtulivu.

Huko Mikumi, Ditram alikuwa amepata mteja wa ndoto. Bibiana alikuwa na gesti kando ya barabara kuu, vitanda vinalia, maji yanakuja yakipenda. Alitaka nyumba nzima iwe Kijapani ili wageni wa mbugani wasiipite. Vyumba nitaviacha vile vile, alimwambia, ila bei itakuwa ya Kijapani. Ditram akampenda papo hapo. Majirani walipoona, nao wakataka. Malipo ya wote yalipangwa siku ya uzinduzi, na siku hiyo, huku wali ukipakuliwa, Ditram aliona wingu jeusi likijikusanya juu ya milima. Akasogeza pikipiki karibu na geti.

Hapo ndipo Naeku alipoingia, kavaa shuka safi, na nyuma yake kaka yake Kulet anavuta ng'ombe. Akamwendea mzee Makarius, mwenyekiti wa kitongoji, aliyekaa meza ya mbele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Na ng'ombe kaalikwa?"

"Amekuja kumtambua ndugu yake," Naeku akasema, akaielekeza fimbo kwenye pikipiki. "Iliibwa kwetu."

Kulet akamgeuza ng'ombe. Pajani, nyeusi tii, kulikuwa na paa, mistari mitatu, na wa mwisho una mkia uliopinda kushoto. Watu wakaacha kula. Naeku akaeleza kwa upole kwamba hiyo ni chapa ya ukoo wao tangu babu wa babu, na kitu chenye chapa ya ukoo ni cha ukoo. Makarius akaitikia kwa kichwa, kwa sababu maneno hayo hayo aliyasikia kwa fundi mwenyewe.

Ditram akanusa piko. Akafungua mdomo aseme nembo ile ameibuni yeye mbele ya sufuria ya chipsi. Akamwona Bibiana na bahasha mkononi. Akaufunga mdomo, kisha akaufungua tena.

"Mzee, hii nembo ni ya Japani."

"Sawa," Naeku akasema. "Wajapani waliipata kwa nani?"

Ikawa mjadala. Dereva mmoja wa lori akasema Wajapani hufika mbugani wakiwa na kamera kubwa, huko hakuna kisichopigwa picha. Mwingine akasema Wamasai hutembea sana. Makarius akaamua: mtu anaweza kusema uongo, lakini ng'ombe hana cha kupata.

Ditram akaona upenyo. Akaonyesha ukuta wa gesti, wenye nembo ile ile kubwa kama mlango. "Kwa hiyo na nyumba ya mama Bibiana ni yako?"

Bibiana akasimama na kijiko mkononi. Naeku akaukagua ukuta bila haraka.

"Hapana. Hii haina mkia. Hii sijui ni ya nani."

Bibiana akapumua. Kisha akafikiri. Kisha akamgeukia fundi. "Kumbe mimi umenichorea feki?"

Majirani wote wakainuka kwenda kukagua kuta zao, wakarudi na habari moja. Makarius akaomba kadi ya pikipiki. Ditram alikuwa nayo, ila ilikuwa na jina la mtu wa Dodoma ambaye bado hajui kwamba aliiuza. Akasema imesahaulika nyumbani. Basi toa ufunguo, Makarius akasema, na tunakushukuru kwa kuitunza safi.

Ditram akautoa. Alipomkabidhi Naeku akainama, akanong'ona, "Dada, ule mkia ni chafya yangu."

"Najua, fundi," Naeku akasema. "Nilikuwepo."

Akaiwasha kwa kiki moja, akashika njia ya Kilosa. Kulet akamfuata taratibu na ng'ombe, amebeba wali kwenye mfuko.

Bibiana akaitia bahasha kifuani. Hailipwi hata senti, akasema, mpaka kila nembo ya Mikumi ipate mkia wake. Akaleta ngazi mwenyewe, akaishika miguu kwa mikono miwili ili fundi asianguke, wala asishuke. Ditram akapanda na kopo. Tone la kwanza likampiga shingoni. La pili likaanguka kwenye Mlima Fuji, na kilele kikaanza kuteremka.

"Mama, mvua," akasema.

"Malizia mkia, fundi. Rangi si ya Japani?"