Makunyanzi ya Bi Grizel

Jumatatu, 4 Mei 1772
Nimeanza kumchora Bi Grizel Haldane, mjane wa mfanyabiashara wa nguo. Umri miaka sitini na minane. Nyumba ya mawe, moto kila chumba. Changu kinavuja! Mpango: nimchore, apendezwe, nimwoe. Makunyanzi nimeyafuta yote. Kikwazo ni wakili Pringle, naye anamtaka. Kila siku anamletea chaza wa baharini wa kula.

Jumatano, 6 Mei
Bi Grizel kaiona picha. Kauliza msichana huyu ni nani, na mbona kavaa kofia yake ya ujane. Kasema amezika mume na watoto wanne, kila kunyanzi lina mwenyewe, niyarudishe yote. Pringle kacheka mpaka chaza akamtoka puani. Mshenzi! Nimeyarudisha, moja moja. Inauma.

Ijumaa, 8 Mei
Mbinu mpya: wivu. Nimemwomba Isobel, mpishi wa Bi Grizel, ajifanye tunapendana. Kakubali upesi mno. Mezani, mbele ya Bi Grizel na Pringle, nikamshika mkono nikatangaza kuwa huyu ndiye mke wangu. Isobel akadakia kuwa huyu ndiye mumewe. Pringle akaweka kijiko chini, akanipongeza. Eti sisi Waskoti hatuhitaji kasisi: mwanamume na mwanamke wakikiri hivyo mbele ya mashahidi, wameshaoana. Nilijua, ila nilisahau! Edinburgh nzima inajua! Nikasema nilitania. Isobel akasema yeye hakutania hata kidogo. Bi Grizel akatumiminia divai, akasema hongera bwana mchoraji, umepata wa kukuvumilia.

Jumapili, 10 Mei
Picha imekwisha. Bi Grizel kaitazama kitambo, machozi yakamlengalenga, kasema sasa huyu ni yeye. Kaitundika ukumbini. Pringle akaona ndiyo nafasi, akamposa. Kajibiwa kwamba mume mmoja alimtosha. Kumbe Bi Grizel bado yuko huru! Isobel kahamia kwangu na vyungu vyake. Anapika vizuri, tena ana roho nzuri, lakini nyumba ya mawe hana. Nimewaza wakati wa mahubiri: ikiwa ndoa ni maneno tu mbele ya mashahidi, basi na talaka ni hivyo hivyo. Nimemwuliza Pringle. Kacheka mpaka akajifuta machozi, kisha kasema nijaribu kesho, mezani kwa Bi Grizel, na nipaze sauti wote wasikie. Kumbe si mtu mbaya.