Kipilefti cha Ndoo ya Bluu

Jumatatu, 3 Novemba

...na ndiyo maana nasema Goodluck wangu hana mfano. Ndoa changa, na kila asubuhi ananiamsha kwa chai ya tangawizi! Nimemweleza shida yangu. Madamu Kaliza, mkuu wa shule yetu ya awali hapa Gisozi, Kigali, ana nafasi moja ya kudumu, na walimu wa majaribio ni wawili: mimi na Mugeni. Ijumaa wazazi wanakuja. Atakayekuwa amewafundisha watoto wake vizuri zaidi kugeuka, kulia, kushoto, robo mzunguko, nusu, mzunguko mzima, ndiye atakayebaki.

Mugeni anachora mishale uani kwa chaki. Mishale! Maskini.

Jumanne, 4 Novemba

Wazo! Watoto watakuwa waendesha pikipiki. Goodluck amekesha akinichongea usukani wa mbao kwa kila mtoto, huko kwenye karakana yao Agakiriro. Kila mmoja ameupiga msasa na kuuchora kopa jekundu. Watoto wameuliza kopa ni la nini. Nimewaambia ni taa.

Ndoo ya bluu katikati ya uwanja ndiyo kipilefti, ule mzunguko wa barabarani. Robo mzunguko, unatokea jikoni. Nusu, unatokea getini. Mzunguko mzima, umerudi ulikotoka. Wameshika mara moja.

Isipokuwa Sangwa. Umri wa chekechea, mdomo wa mzee wa mtaa. Amesema, "Oya, Tisha, baba anazunguka huku," akaonyesha upande mwingine. Oya kwao ni hapana, na Tisha ni mimi, mwalimu. Nimemjibu kwamba dunia nzima inazunguka kama mshale wa saa, na baba yake akajifunze sheria za barabarani.

Jumatano, 5 Novemba

Madamu Kaliza anataka madarasa yote mawili yazunguke ndoo moja siku ya Ijumaa, na tufanye mazoezi pamoja. Mugeni amekubali haraka mno. Anataka kuniibia pikipiki! Nimesema watoto wangu wana mafua. Tumefanya mazoezi peke yetu nyuma ya jiko.

Goodluck amesema nina akili kuliko wakubwa wote wa serikali kule Kimihurura. Mume huyu!

Ijumaa, 7 Novemba

Nilivaa kitenge cha harusi. Wazazi tele. Wangu wakaanza kuzunguka kama saa. Wa Mugeni wakaanza kinyume na saa. Wakakutana nyuma ya ndoo, uso kwa uso, mbao kwa pua.

Yebabawe! Wa Mugeni wakapiga kelele kwamba wangu wamepita upande si wao. Wangu wakapiga honi. Mmoja akatumbukia kwenye ndoo. Ndipo mzazi mmoja akasimama, akanyoosha mkono juu, na watoto wote wakatulia kimya.

Baba Sangwa. Kumbe ni askari wa usalama barabarani.

Akaniuliza kwa upole nimetoka wapi. Nikasema Bukoba. Akacheka mpaka akavua kofia. Akasema, "Dada, huko mnapita kushoto. Hapa iko kulia tu, na kipilefti tunazunguka kinyume na saa." Akauliza kama sikuona magari yakibadili upande pale mpakani Rusumo.

Sikuona. Rusumo nilikuwa nimelala begani mwa Goodluck. Bega zuri sana.

Sangwa akasema, "Tisha, si nilikwambia?"

Jumapili, 9 Novemba

Nafasi amepata Mugeni, na pikipiki zangu juu. Mimi Madamu Kaliza ameniongezea majaribio, kwa watoto wadogo kabisa wanaolala kutwa. Amesema hao hawageuki.

Sina kinyongo. Sasa mimi ni mtaalamu! Dada yangu Winifred anafundisha chekechea Bukoba. Nimempigia simu nikamwambia asiwaguse wanafunzi wake kwa habari ya mizunguko mpaka nifike. Alitaka kusema neno. Nimekata, salio lilikuwa linaisha. Goodluck ameshaanza kuchonga. Kabla mwezi haujaisha tutakuwa kwao, mimi na mume wangu na ndoo yetu ya bluu, niwafundishe watoto wa Bukoba kuzunguka kipilefti inavyotakiwa: kulia, kinyume na saa, kama Kigali.