Wagonjwa Sita wa Mlango wa Kijani

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimefungua kliniki yangu ya migongo! Saa mbili kamili asubuhi mlango wa sebule yetu, nilioupaka rangi ya kijani kwa mikono yangu mwenyewe, umefunguliwa kwa umma. Umma haukuwepo. Alikuwepo paka.

Chumba kimependeza. Kitanda cha tiba katikati, chenye tundu la kuwekea uso. Leseni ukutani, kioo chake nimekifuta mara tatu. Benchi la wanaosubiri chini ya dirisha. Kabati la vyombo la mke wangu limekataa kuhama, kwa hiyo mgonjwa akilala chali ataziona sahani za wageni. Dirishani nimetundika uti wa mgongo wa plastiki, pingili zote, kuanzia shingo hadi kifandugu. Mke wangu anauita Mpangaji. Anasema afadhali angekuwa wa kweli.

Masharti yake ameyarudia wakati wa chai. Sebule nimeazimwa tu. Cherehani yake imehamia chumbani, miguuni pa kitanda, na wateja wake wa kushona wanapimwa jikoni. Nina hadi Jumamosi ya wiki ijayo kupata wagonjwa sita wa kurudi. Siyo wa kuja. Wa kurudi, tena kwa miguu yao na kwa hiari yao. Anasema hata mwizi huja mara ya kwanza. Nikishindwa, sebule inakuwa ya kushonea, nami narudi kwa kaka yake, shemeji yangu, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kupanga misumari kwa urefu.

Miaka mitano nimesomea mgongo wa binadamu. Miaka mitatu nimepanga misumari. Sirudi!

Shemeji alipita saa sita. Alisema aproni yangu bado iko kwenye ndoano ileile, na ameifua. Aliyasema hayo kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma.

Wagonjwa: hakuna. Mama mmoja alisimama dirishani akauliza ile mifupa ni kiasi gani kwa kilo. Nikamwambia ni plastiki. Akasema basi.

Jumanne, 4 Juni

Mgonjwa wa kwanza! Mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, mwanamke aliyenyooka kama rula, isipokuwa shingo. Haijageuka kushoto tangu mwaka jana. Anasema akitaka kumwona mtu wa upande huo inabidi azungushe mwili mzima, na watu wanadhani ana dharau.

Nilimhoji kwa utaratibu. Je, aliwahi kuanguka? Ana ganzi mikononi? Kizunguzungu? Nikampima, nikaridhika. Nikaweka mikono, nikasikiliza kwa vidole. Kisha, taratibu kabisa, ko! Akaketi. Akageuka kushoto, siyo sana, lakini akaziona sahani za mke wangu. Akasema ni nzuri. Macho yake yalilengwa na machozi. Yangu pia, nakiri.

Laiti ningenyamaza hapo! Lakini biashara ni maneno. Nikamweleza Mpango wa Dhahabu wa Mgongo: ziara kumi na mbili, kadi ya uanachama, na kila mwezi amlete rafiki mmoja. Nikamwonyesha mchoro. Nikamwonyesha Mpangaji. Dakika arobaini. Alipoondoka alikuwa ameishika tena shingo. Alisema atafikiria, kwa sauti ile ambayo walimu huitumia kumwambia mzazi kwamba mtoto anajitahidi.

Mke wangu alikuwa akisikia yote kutoka jikoni, utepe wa kupimia shingoni. Alisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilimjibu kwamba aliyetunga methali hiyo hakuwahi kufungua kliniki.

Alhamisi, 6 Juni

Jana hakuna mtu, leo hakuna mtu. Lakini nimepata wazo! Asubuhi niligonga kidole cha mguu kwenye cherehani, nikaruka kwa mguu mmoja hadi mlangoni, nikaokota kiatu, nikakiona kisigino. Kimelika upande wa nje. Kila mtu wa fani yangu anajua: kisigino kikilika upande mmoja, itazame nyonga. Sasa, nani huviona visigino vya mtaa mzima? Fundi viatu wa kona!

Nilimwendea kibandani. Alikuwa kwenye kigoda chake, amejikunja, kidevu kinakaribia magoti, misumari midogo mdomoni. Nikamweleza elimu yote ya visigino na nyonga. Kisha ombi langu: kila kiatu kilicholika upande, atie kadi yangu ndani. Akauliza yeye atapata nini. Nikasema nitamnyoosha mgongo bure. Akasema mgongo wake hauna neno, umezoea. Mwishowe tumekubaliana nimpe gazeti langu kila siku nikishalisoma.

Ijumaa, 7 Juni

Kadi zimekamilika, hamsini, kwa mwandiko wangu. Tangazo la kawaida halisomwi. Lazima limshtue mtu kidogo. Nimeandika hivi:

NIMEKIONA KISIGINO CHAKO. NAJUA YOTE. NJOO PEKE YAKO. MLANGO WA KIJANI.

Peke yako, kwa sababu benchi ni fupi. Jina na kazi yangu havikuenea, na hata hivyo fumbo huvuta. Fundi amezipokea bila kuzisoma. Mke wangu sijamwonyesha, nataka ashangae.

Jumatatu, 10 Juni

Ameshangaa.

Saa mbili na nusu, mwanamke mlangoni. Mkono mmoja kiatu cha mumewe, mkono wa pili kadi. Alitaka atolewe huyo mwanamke wa mlango wa kijani. Nikasema ni mimi. Akauliza tangu lini. Nikaanza kumweleza habari za nyonga ya mumewe, kwamba ningependa sana kuishika niipime. Kiatu kilinipata sikioni.

Saa tatu, karani mmoja mwembamba, shati limelowa jasho. Alifunga mlango, akaketi, na kabla sijamsalimia akakiri kila kitu. Kile kiti cha ofisi, cha magurudumu, alikichukua yeye, wakati wa kuhama jengo. Alitaka kujua nani mwingine ana habari. Nikamwomba alale kifudifudi. Akalala kama anayesubiri hukumu. Kiuno kigumu kama ubao! Nikamuuliza nyumbani hukalia nini. Hukalia kiti hichohicho, nacho kimevunjika upande mmoja. Nilimshughulikia vizuri. Akainuka mwepesi, akasema kiuno kimepoa na moyo pia. Kiti atakirudisha. Na yeye mwenyewe atarudi Alhamisi, ilimradi asikute mtu. Atarudi!

Saa tano, fundi viatu, na kadi thelathini na nane. Wateja watatu wamemtishia. Nikamwambia mwanzo ni mgumu. Akanitupia kadi zote, na gazeti.

Jumatano, 12 Juni

Usaliti! Fundi viatu ametundika ubao: MGONGO UNAUMA? LETA KIATU. Anaongeza kipande cha ngozi kwenye kisigino kilicholika, na watu wanasema wanapata nafuu. Nafuu! Kwa elimu niliyompa mimi, kibandani kwake, nimesimama juani! Nimepita mbele yake mara nne bila kumsalimia. Mara ya tano nikamsalimia kwa bahati mbaya. Hapo ndipo nilipoona anavyoinuka: mikono magotini, hatua tatu ameinama, ndipo anyooke. Mganga hajigangi. Nilifurahi, kisha nikaona haya, kisha nikafurahi tena.

Waliorudi: hakuna. Zimebaki siku tatu. Mke wangu amelipima dirisha la sebule kwa utepe wake. Nilipouliza, akasema anaangalia tu mwanga.

Nimewaza mchana kutwa, na jibu limekuja. Watu hufuata watu! Mkahawa mtupu hauingiwi. Benchi langu linahitaji kujaa.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeazima makuli! Shemeji anao watano, wa kupakua saruji, na lori la leo limeharibika njiani. Nikamwomba anikopeshe hadi jioni wajifanye wagonjwa. Alicheka hadi akaishika meza. Kisha akakubali, akasema jioni nikiwarudisha nijaribu aproni kama bado inanitosha.

Kazi yao rahisi: kukaa, kushika viuno, kulalamika. Mkubwa wao, mtu mwenye mabega ya kujaza mlango, aliuliza alalamike vipi. Nikasema kama mtu anayeumwa. Akasema aa, kama kawaida. Sikuwa na muda wa kumsikiliza, nilikuwa nikiwapanga.

Walipendeza! Watatu kwenye benchi, wawili sakafuni. Saa nne Mwalimu akatokea mtaani. Anarudi! Kwa miguu yake, kwa hiari yake! Akachungulia, akaiona foleni, akatazama saa, akaenda zake. Nikamkimbilia, nikajikwaa kwenye benchi, kidole kilekile. Saa tano, karani. Aliona watu watano, akageuka kama aliyeona polisi.

Wawili wa kurudi, na nimewafukuza kwa foleni yangu mwenyewe. Nilikaa juu ya kitanda changu cha tiba. Nilitaka kulia, na makuli walinitazama kwa huruma. Mkubwa wao akauliza tundu lile la kitandani ni la nini. Sikuwa hata na nguvu ya kutaja Mpango wa Dhahabu. Nikasema lala uone.

Mgongo ule! Miaka kumi na tano ya saruji. Nilisahau foleni, nilisahau Jumamosi. Vidole vilitembea pingili kwa pingili, na kando yake misuli imekaza kama kamba za mzigo. Nilimshughulikia polepole. Nikamwonyesha namna ya kuinua mfuko kwa mapaja, siyo kwa kiuno. Aliinuka, akajinyoosha, akasema kumbe dari yenu iko karibu. Akalala wa pili. Kisha wote. Jioni wakaenda zao, na siku yangu nzima ikawa imepotea bure.

Ijumaa, 14 Juni

Hakuna mtu. Nimemshusha Mpangaji dirishani na kumviringisha kwenye shuka. Ni mwepesi kuliko nilivyokumbuka. Mke wangu hakunitania hata neno moja, na hilo limenitisha. Nilimkuta anapiga pasi koti langu jeupe. Nikamuuliza la nini tena, kesho si ndiyo mwisho? Akasema kesho bado ni siku ya kazi.

Nampenda sana mwanamke huyu. Simwambii, ataongeza masharti.

Jumamosi, 15 Juni

Nilifungua kwa heshima tu. Kwenye ngazi alikuwa ameketi Mwalimu, tangu saa moja na nusu, ili aiwahi foleni. Alisema amesubiri wakaguzi wa shule maisha yake yote, hashindwi na makuli. Ila ana sharti moja: nisitamke neno mpaka atoke. Nilinyamaza. Nilikaribia kupasuka, lakini nilinyamaza. Shingo iligeuka mpaka akaliona bakuli la mchuzi lililo pembeni kabisa mwa kabati.

Saa tatu nikasikia miguu mizito. Makuli! Wote watano, wameoga, mashati safi. Nikawaambia leo sikuwaomba. Mkubwa wao akasema anajua. Amelala usiku mzima bila kuamka, mkewe akamtikisa kwa hofu kwamba amekufa. Wakakaa, watatu kwenye benchi, wawili sakafuni, vilevile kama juzi.

Hata hapo sikuelewa. Mke wangu ndiye aliyetoka jikoni na chaki yake ya kushonea, akachora mistari ukutani kando ya leseni, akiwaonyesha mmoja mmoja kwa kidole, na wa mwisho kwa Mwalimu aliyekuwa bado anazitazama sahani. Sita. Kisha akasema sebule ni yangu. Akasema pia, mbele ya watu, kwamba mikono yangu ina akili kuliko mdomo wangu, na kama ningeiacha ifanye kazi yake tangu siku ya kwanza, sote tungepumzika. Mwalimu akasema ni kweli. Nilikuwa nalia.

Saa tano, shemeji. Anawatafuta watu wake. Lori limefika, na katika kusubiri alikuwa amejaribu mfuko mmoja mwenyewe. Aliingia ubavuubavu kama kaa. Nilimwonyesha mwisho wa benchi. Nyuma yake, ameushika ukuta, fundi viatu. Alikuwa ameongeza ngozi kwenye visigino vyake vyote viwili, na bado. Hakunisalimia, nami sikumsalimia. Nilimsogezea mto.

Jumapili, 16 Juni

Mapumziko. Mpangaji amerudi dirishani. Cherehani nimeipa kona ya sebule, nyuma ya pazia, penye mwanga. Mke wangu alinishukuru mara mbili. Asubuhi sikugonga kidole chochote, kwa mara ya kwanza tangu tufungue.

Nimekaa kutafakari ushindi huu umetoka wapi. Mke wangu ana maoni yake, mikono na kadhalika. Hayo ni mapenzi. Kwa mtu wa biashara jambo liko wazi: matangazo! Bila kadi pasingekuwa na ugomvi, bila ugomvi pasingekuwa na foleni ya kuazima, bila foleni wasingekuja makuli. Nilikosea mahali pamoja tu. Kiatu ni kidogo, hakimtoshi mtangazaji mwenye upeo.

Shemeji nimempumzisha nyumbani siku mbili, na kwa hali aliyonayo hawezi kunikatalia kitu. Duka lake hutoa saruji kila siku, na chini ya kila mfuko pana mgongo wa mtu. Nimekata kadi mia mbili, kubwa mara mbili ya zile za kwanza. Kesho alfajiri nazibandika mifukoni, kabla mke wangu hajaamka. Safari hii nimejifunza, maneno nimeyalainisha:

NAJUA ULICHOBEBA. NAJUA ULIKOKIPELEKA. TAFADHALI NJOO PEKE YAKO. MLANGO WA KIJANI.