Mita Moja na Nusu ya Uhuru

Jumatatu, 3 Juni

Waraka umebandikwa. Kuanzia leo ni marufuku kuvuta sigara ofisini, koridoni, uani, langoni na kwenye barabara ya umma mbele ya jengo. Faini papo hapo. Na wiki hiihii serikali imepandisha ushuru wa sigara, mara ya pili mwaka huu! Wananitoza kwa kuvuta, halafu wananifukuza nisivute.

Nimeusoma mara tatu, Rula akinitazama. Rula ni mchora ramani mwenzangu hapa ofisi ya ardhi. Meza yake inatazamana na yangu, na rula haibanduki mfukoni mwa shati lake. Hajawahi kuvuta hata moja. Akasema mapafu yangu yatashukuru. Nikamwambia mapafu ni yangu, yakitaka kushukuru yatanishukuru mimi.

Nyumbani nako balaa. Mke wangu alishapiga marufuku sebuleni, jikoni na barazani. Leo ameongeza ngazi. Eti pazia la jirani linanuka.

Mtu mzima, miaka arobaini na sita, sina pa kusimama! Haiwezekani. Nitapapata.

Jumanne, 4 Juni

Nimepapata! Mimi ni mtu wa hatari.

Nilijifungia kwenye chumba cha ramani za zamani. Nikatandaza ramani ya kiwanja chetu, pembeni nikaweka ya zahanati ya jirani. Kiwanja chetu kinaishia hapa, chao kinaanzia pale. Katikati: ukanda wa upana wa mita moja na nusu, toka barabarani hadi mtaroni. Haina namba. Haina mwenyewe. Aliyepima miaka ile alikuwa na haraka, au njaa. Mungu amrehemu.

Waraka unataja eneo la taasisi na barabara ya umma. Ukanda ule si taasisi, si barabara. Si kitu! Na pasipo kitu hapana amri.

Saa nne nikapenya kwenye tundu la uzio nyuma ya choo cha wanaume. Majani magotini, nzi kibao. Nikawasha. Sijawahi kuvuta sigara tamu namna ile tangu nizaliwe.

Jumatano, 5 Juni

Wafuasi wawili: dereva wa mkurugenzi na mhasibu. Dereva kaleta kiti alichong'oa kwenye gari bovu. Mhasibu alitaka kujua kama mambo haya ni halali. Nikamwonyesha nakala ya ramani. Akasema ramani haijui, lakini muhuri ameupenda.

Nimechora mstari wa chokaa kila upande, kwa futikamba, bila kukosea hata sentimita. Kisha nikawahutubia kuhusu haki ya mtu mzima juu ya pumzi yake. Dereva akauliza kama hotuba itakuwa kila siku.

Rula alichungulia kwenye kidirisha cha choo. Aliandika kitu. Mwache aandike.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ngumu. Suruali ya kijivu imekwisha.

Mama mkwe yuko kwetu wiki ya pili sasa, kwa ajili ya kikohozi. Leo alikwenda zahanati kupigwa picha ya kifua. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba uzio wa zahanati nao una bati lililolegea.

Saa tano niko peke yangu. Bati likasogea. Ukaingia mkoba. Ukafuatiwa na mama mkwe.

Sigara nikaitumbukiza mfukoni. Nikainama, shikamoo mama. Nikamuuliza hali ya kifua, maana nisingeweza kumuuliza anatafuta nini pale. Akaanza kunieleza, kwa kirefu, kama kawaida yake: foleni, daktari kijana, mashine baridi. Mimi naitikia tu, pole mama, pole mama, huku paja linachemka.

Mwishowe akaiacha mashine, akatazama suruali yangu. "Baba," akasema, "unaungua."

Nilipomaliza kujipigapiga, alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha gari, anapekua mkoba. Akatoa yake! Akauliza kama kiberiti kimesalimika. Anavuta tangu mke wangu akiwa darasa la tatu, na mke wangu hajui mpaka leo.

Kuvuta mbele ya mkwe ni aibu isiyosemeka. Kwa hiyo akanipa mgongo, nami nikampa wangu. Tukavuta hivyo, kila mtu na uzio wake, kama watu wasiojuana. Kwa kuachana tukakubaliana: hakuna aliyemwona mwenzake.

Harakati zetu sasa zina wazee ndani yake. Tunakua!

Mke nimemwambia suruali imeungua na pasi. Akauliza pasi gani inayopiga suruali iliyovaliwa.

Ijumaa, 7 Juni

Rula kapeleka maneno. Saa tatu mkurugenzi mwenyewe kaja kupitia tundu la uzio. Akanasa katikati. Dereva wake ikabidi azime sigara amvute.

Sikutetereka. Nikatandaza ramani juu ya kiti cha gari, nikaeleza robo saa nzima. Mkurugenzi akasema niandike ripoti, niweke saini.

Ushindi! Nimeandika kurasa saba. Hitimisho: "Ukanda huu hauna mwenyewe kabisa, bila shaka yoyote." Rula akajitolea kupitia makosa. Kaona koma mbili tu. Kashindwa, maskini, na anajitahidi kushindwa kiungwana.

Jumatano, 12 Juni

Ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya halmashauri. Kila mchora ramani anajua. Hata mimi najua. Sikuwa nimelitazama kwa upande huo tu.

Halmashauri imewapa zahanati, waliokuwa wanatafuta nafasi siku nyingi. Mabenchi na paa la bati. Darasa la kuwasaidia watu kuacha tumbaku! Mafundi wameshafika. Wamefuata mistari yangu ya chokaa, wakasifu unyoofu wake.

Mkurugenzi kanipongeza mbele ya ofisi nzima. Aliyepiga makofi marefu kuliko wote ni Rula.

Jumatatu, 17 Juni

Majibu ya mama mkwe yametoka. Si ule ugonjwa tuliouogopa. Lakini mapafu yamechoka sana. Daktari kamwambia achague: sigara, au kupanda ngazi za nyumba hii kwa miguu yake.

Alituita sebuleni. Akasema kufa hakuogopi, anaogopa binti yake aje kusikia habari zake kwa daktari. Basi akamwambia. Yote. Uzio, kiti, mkwe aliyeungua.

Mke wangu alikuwa na mwiko mkononi. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Alikaa chini akalia, akasema mama akikohoa usiku yeye huamka kusikiliza kama bado anapumua. Akauliza atawasikiliza wawili kwa masikio gani.

Mimi, mwenye jibu la kila waraka, nikampokea mwiko tu!

Mama mkwe akanishika mkono. "Baba, twende wote darasani. Peke yangu nitashindwa."

Nani wa kumkatalia mama mkwe? Nikaapa. Na niliapa kwa moyo wangu wote, karibu saa nzima.

Alhamisi, 20 Juni

Darasa la kwanza. Tulikuwa kumi na wawili chini ya bati jipya, mhasibu na dereva wakiwemo, vichwa chini. Muuguzi kaweka mbele yetu boksi la mbao lenye kufuli. Kila mtu asalimishe alichonacho. Mama mkwe alisimama wa kwanza: pakiti mbili za mkobani, na ya tatu kutoka ndani ya kilemba. Watu wakapiga makofi. Nilisikia fahari, sitaki kudanganya.

Boksi likajaa. Litachomwa mwisho wa mwezi. Muuguzi akauliza nani mwaminifu wa kukaa na ufunguo hadi siku hiyo. Mama mkwe akainuka tena, akasema mkwe wake ni mtumishi wa serikali, hajawahi kugusa cha mtu. Wote wakaafiki. Mke wangu, aliyekuja kutusindikiza, alinitazama kama siku ya harusi yetu.

Nikatoa shukrani fupi. Nikapokea ufunguo kwa mikono miwili.

Boksi zima! Na ushuru umeshalipwa na wengine. Serikali hainipati ng'o.

Kuacha, nitaacha. Nimeapa. Nitaanza rasmi likibaki tupu. Kufuli nimeshalijaribu. Linafunguka bila kelele.