Malalamiko Kuhusu Kompyuta Iliyomsaili Bibi Badala Yangu

Kwa Mkuu wa Idara ya Ajira,
Benki ya Uwekezaji,
Ghorofa ya kumi na saba (ambako mlinzi wa getini amenizuia nisifike).

Mheshimiwa Mkuu,

YAHUSU: KUFUTWA KWA USAILI WANGU WA VIDEO NA KURUDIWA KWA HAKI

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote wa ofisini kwako. Mimi si mzima sana, na sababu ni nyinyi, ingawa nalisema hilo kwa heshima zote.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, masomo ya fedha. Chuo kimesema wazi kwamba asiyepata mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo muhula huu hatahitimu na wenzake, atarudia mwaka. Nimeomba kila benki ya uwekezaji niliyoisikia, na nyinyi peke yenu ndio mliojibu. Kwa hiyo ninavyoandika hapa roho iko mkononi. Wahenga walisema barua ni nusu ya kuonana, na kwa kuwa mlinzi wenu amenikatalia ile nusu nyingine, naomba unisome hadi mwisho. Malalamiko yangu ni haya.

1. Uzoefu. Tangazo lenu linasema mnatafuta mwanafunzi anayeanza, kisha mstari wa chini linamtaka awe na uzoefu wa miaka miwili. Nimelisoma nikiwa nimekaa, nikalisoma nikiwa nimesimama. Mjomba wangu, ambaye ni fundi rangi, akasema labda mnamtaka mtu aliyemaliza miaka miwili akiwa hana uzoefu. Kwa tafsiri hiyo ninao, tena wa kutosha, na ndivyo nilivyojaza.

2. Udhaifu. Fomu iliniuliza udhaifu wangu mkubwa ni upi. Kwetu mtoto akiulizwa hujibu kweli, na mficha uchi hazai. Nikaandika kwamba nikilala mchana siamki kwa kuitwa, mpaka nimwagiwe maji. Mwenzangu mmoja wa darasani, tunayemwita Tai Shingoni kwa sababu hata kwenye mpira anacheza na tai, alinicheka mpaka akakaa chini. Kumbe hapo mtu hutakiwa kusema udhaifu wake ni kupenda kazi kupita kiasi! Yeye ameandika kwamba anapenda kazi mpaka anaumwa. Mheshimiwa, huyo ninayemjua mimi hajawahi kuosha sahani aliyolia chakula. Nauliza kwa unyenyekevu: mnatafuta wasema kweli wa kutunza mali za watu, au mnatafuta waongo hodari? Kama ni hao wa pili, andikeni kwenye tangazo ili wenye kipaji wajitokeze.

3. Maandalizi. Mliniagiza nijirekodi nikijibu maswali mbele ya kompyuta, upande wa pili hakuna mtu wa kuniuliza, nyuma yangu pawe safi na nyumba iwe kimya. Sebule yetu ina watu wazima watatu, cherehani ya Mama na friji inayokoroma. Mjomba alichungulia kwenye kompyuta, akapima ni sehemu gani ya ukuta inayoonekana, akaipaka hiyo hiyo tu rangi nyeupe. Kipande cha mraba kinang'aa, kwingine kote madoa. Mama alizima friji, kisha akavuka kwa kinyozi wa jirani kumwomba naye azime mashine yake kidogo. Kinyozi, kwa ujirani mwema, akaizima katikati ya kichwa cha mteja. Mteja mwenyewe alikuwa na safari. Aliondoka na nusu, na sasa tukikutana barabarani ananitazama kwa namna ambayo siwezi kuieleza katika barua ya heshima. Lawama hiyo ni yenu, mimi naibeba tu.

Mimi nilivaa koti alilonishonea Mama. Chini nilibaki na suruali ya kulalia yenye picha za bata, kwa kuwa kamera haina shida na miguu ya mtu.

4. Salamu. Swali la kwanza lilitokea kwenye kioo: nijieleze, nina dakika moja na nusu. Nikaanza na salamu, kama mtu aliyelelewa. Nikauliza habari za kazi, za nyumbani, za watoto, za waliowahi kuugua, na baada ya kila moja nikanyamaza kidogo nikingoja jibu, maana hata mkisema hakuna mtu, huwezi kujua nani yuko upande wa pili. Nilipofika kwenye jina langu, muda ukaisha. Kwa hiyo mlichonacho ni dakika moja na nusu za adabu tupu. Jamani! Tangu lini mtu akahukumiwa kwa kusalimia?

5. Bibi. Hapa ndipo maji yalipozidi unga. Swali la pili lilinitaka nieleze wakati nilipoongoza watu waliokuwa wakigombana. Jibu nilikuwa nalo, nimelikariri wiki nzima. Kufungua mdomo tu, Bibi akaingia na kapu lake kutoka sokoni. Sasa mkubwa akiingia na mzigo, mtoto atakaaje? Nikasimama kumpokea. Hivyo na wale bata wa suruali mnao kwenye video.

Nilipokuwa jikoni nalitua kapu, Bibi alikaa kwenye kiti changu kupumzisha magoti, akaona swali limeandikwa kwa herufi kubwa. Bibi ni mtu ambaye akiulizwa hujibu. Akawasimulia alivyoongoza kamati ya harusi ya Mjomba, pale ndugu wa pande mbili walipogombea viti vya mbele, naye akaamuru viti vyote vitolewe nje, wakakaa chini kama watoto wa chekechea. Swali lililofuata lilimuuliza angemfanyia nini mteja aliyepoteza imani na benki. Akasema hata yeye imani hiyo hana, na kwamba mteja huyo angempa mkono wa pongezi. Akaongeza kwamba anayemhoji mwenzake huku ameficha uso ni wa kuchungwa, na kwamba kwao mtu wa hivyo hakabidhiwi hata kuku. Saa ya kwenye kioo ilipoanza kuhesabu sekunde za mwisho, aliiambia isimharakishe, yeye si basi la abiria. Nilirudi mbio. Nikamkuta ndiyo anainuka, ameegemea meza, na kiganja chake kimetua kwenye kitufe cha kutuma.

Nililia, Mheshimiwa, na wala sioni haya kulisema. Nililia nikiwa na koti langu jipya. Bibi akanishika bega, akasema nisiwe na wasiwasi, ameongea nao vizuri.

6. Kimya chenu. Mlinitumia ujumbe mmoja kwamba mtanijulisha, mkapotea. Ugonjwa huo umeingia nyumbani. Nikimuuliza Mama chakula kitaiva lini, anasema atanijulisha. Mjomba ameombwa amalizie ukuta, amejibu kwamba maombi ni mengi na ni kuta zilizochaguliwa tu zitakazopigiwa simu.

Kwa sababu hizo naomba usaili ule ufutwe na Bibi asihesabiwe kabisa, kwani si mwanafunzi, hana nia na benki, na alikuwa amekuja kukaa tu. Naomba nirudie. Kama kurudia haiwezekani, basi haki itendeke kwa upande wa pili: waombaji wengine wote nao wakatizwe na bibi. Kila mmoja, akifika swali la pili, bibi mmoja aingie na kapu. Asiye na bibi aazimwe. Tai Shingoni apewe wawili, kwa kuwa anapenda kazi. Tukishakuwa sawa hivyo, tushindane, na atakayeshinda nitampa mkono.

Na ijulikane kwamba mtu mzima hatishiwi nyau. Mimi nina heshima zangu. Sitaki kuonewa huruma, sitaki kupitia mlango wa nyuma, wala sitaki kubebwa na ndugu yeyote aliye ndani, kwa maana undugu ndio unaoua ofisi. Nitaingia benki yenu kwa sifa zangu au sitaingia kamwe, hata mje mnipigie magoti hapa sebuleni.

Nisalimie wote wa ghorofani, wanaopanda lifti na wanaoshuka, wapika chai, na mlinzi wa getini, naye pia ana kwao. Isalimie na ile kompyuta, ingawa najua haitaitikia.

Ni mimi ninayengoja, na sitachoka,
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mwenye koti.

Nyongeza: Nikiwa nafunga bahasha, mmepiga simu. Mmeniomba nimpe simu yule mama mzee. Mmemwambia kwamba miaka yote hamjaona mwombaji asiyetetemeka namna ile mbele ya muda, na kwamba Jumatatu aripoti. Bibi amekubali, ila amewaeleza kwamba magoti yake hayawezi ghorofa ya kumi na saba bila msaidizi wa kumbebea kapu, nanyi mmemruhusu amchague mwenyewe. Nimekimbia chuoni kuuliza. Chuo kinasema hata huko kubeba kapu ni mafunzo kwa vitendo, mradi mkuu wangu wa kazi asaini. Kwa hiyo naomba uichane barua hii yote, na neno baya lolote humo ulihesabu kuwa la kinyozi. Tatizo limebaki moja tu. Mama ameomba nafasi hiyo, Mjomba ameomba, na nilipomkumbusha Bibi kwamba mimi ni mjukuu wake wa damu, amenijibu kwamba kazi haina undugu. Nakusihi, Mheshimiwa, kwa kuwa sasa mko ofisi moja, nisemee kwa Bibi.