Bi Askew Lazima Aisikie Tamthilia Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Nafasi moja! Ukumbi wa michezo ya kuigiza hapa mjini Oldham utaonyesha tamthilia mpya moja tu mwezi Oktoba. Mwenye kuamua ni Bi Hilary Askew, mkuu wa ukumbi. Amekwisha kunirudishia tamthilia sita. Ya saba ndiyo yenyewe: kufungwa kwa kiwanda cha pamba alichofanyia kazi marehemu baba. Saa nne nzima, mapumziko mawili. Mpinzani wangu ni Tamsin Gledhill, niliyemfundisha mwenyewe kuandika, pale maktaba. Sasa yeye anajulikana London. Mimi najulikana maktaba.

Jumanne, 5 Machi
Asubuhi Bi Askew humtembeza mbwa wake bustanini. Nikaazima mbwa wa dada yangu Maureen. Mpango: mbwa wajuane kwanza, kisha sisi. Wakajuana. Wakang'atana! Nikaburutwa hadi kwenye bwawa la bata, kurasa mia moja na themanini za tamthilia kifuani. Bi Askew akauliza kama nahitaji daktari. Nikamwambia nahitaji jukwaa. Akaondoka mbio. Lakini sura yangu hataisahau.

Alhamisi, 7 Machi
Asiyetaka kuisoma ataisikia! Nimepata ukumbi wa kanisa Jumamosi. Wasomaji: Maureen, mumewe Keith, na mimi, watatu kwa wahusika kumi na mmoja. Bi Askew nimemwalika kwa barua tatu. Maureen akasema, "Clive, hata baba mwenyewe angeaga anaenda chooni, asirudi." Wivu tu. Keith amekubali kusoma iwapo kutakuwa na pai. Pai zitakuwepo.

Jumamosi, 9 Machi
Watu tisa! Watano walidhani wamekuja kucheza bahati nasibu ya bingo, ila pai ziliwaweka. Bi Askew kaja! Tamsin naye, na daftari. Mpelelezi! Hotuba ya ushuru wa pamba, moyo wa tamthilia yangu, ilikwenda vizuri sana. Waliolala ni wawili tu. Kisha Maureen akasoma kile kipande kidogo: siku ya mwisho ya kazi, baba anarudi, anaosha chupa yake ya chai, anaiweka mlangoni tayari kwa kesho. Keith akaweka pai chini. Mama mmoja wa bingo akalia. Mimi nilikuwa natafuta ukurasa wa ushuru.

Mwishoni Bi Askew akanishika mkono. "Bwana Ormerod, hiyo chupa ndiyo tamthilia. Mengine yote tupa. Niletee dakika arobaini Jumatano, na nafasi ni yako."

Tamsin, macho mekundu, akasema, "Mwalimu, tafadhali msikilize." Aha! Shauri la mpinzani hufanywa kinyume chake.

Jumatano, 13 Machi
Siku nne sijanyoa. Nimepunguza! Chupa ya chai nimeitoa: iliwaliza watu, wakashindwa kufuatilia ushuru. Pengo nimelijaza kwa hotuba ya Waziri wa Biashara, kurasa thelathini. Maureen kasoma, akaenda jikoni kufungulia maji. Ameguswa mno.

Nikampelekea Bi Askew mwenyewe, mkono kwa mkono. Akafunua, akafunua, akauliza chupa iko wapi. Nikamtuliza: asijali, hamna tena cha kumtoa machozi. Akakaa kitini polepole. Furaha naijua nikiiona.

Alasiri, simu: nafasi kapewa Tamsin. Sawa. Kosa nimeliona mara moja. Hotuba ilikuwa fupi.